Muhogo wa Katikati

Kunegunda, jirani yangu hapa Mjimwema, hajui Kilatini. Mimi nilikiokota kidogo kwenye kitabu cha mimea nilichopewa na mtawa mmoja wa Hanga. Humo muhogo na gimbi vinaitwa kwa jina moja la pili: esculenta, yaani kinacholika. Jina zuri, ila halisemi kinalikaje. Gimbi lisipoiva linawasha koo. Muhogo mchungu usipolowekwa na kuanikwa unaua. Hayo tulifundishwa na mama zetu, na mama zetu wamekwisha.

Zamani tulizungushia shamba muhogo mchungu, nguruwe pori aonje aende zake. Mtamu tuliupanda ndani. Ndivyo Kunegunda alivyomwelekeza Noela, mke wa mwanawe Aidan, alipoolewa akitokea mjini: "Pembezoni ni kwa nguruwe, katikati ni kwa watu."

Kisha kichaka kikafyekwa, nguruwe wakaisha. Aidan akaongeza shamba hadi barabara mpya, akapanda muhogo mtamu. Ule mstari mchungu ukabaki palepale, sasa uko katikati. Kunegunda aliupita kila siku. Maneno yake hakuyabadilisha.

Siku moja, akitoka kwenye sala ya jumuiya, aliona mashimo mapya katikati ya shamba. Alikimbia na kanga ikimdondoka. Nami nikamfuata hadi jikoni.

Fransisko, mumewe, alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha kwa chai.

"Tema, Baba Aidan! Tema!"

"Nitemeje mbele ya mkwe?" alinong'ona. "Mchungu kweli, lakini kapika mtoto wa watu. Nimwaibishe?"

"Na ukifa utamsifia?"

Noela alisimama na sufuria mkononi. Hakuwa ameonja, alikuwa anangoja baba amalize kwanza. "Mama, ulisema katikati."

Kunegunda akaisukuma sahani mbali na mumewe.

Kabla bodaboda haijafika, Fransisko alitapika, miguu ikalegea. Tulimpakia, mimi nimemkumbatia kwa nyuma, njia nzima nikisikiliza kama bado anapumua. Barabara ilikuwa laini sana, ileile iliyokula kichaka chetu. Hospitali walimpokea upesi. Kunegunda alipofika, alikaa kwenye benchi akirudia, "Ni mdomo wangu huu. Ni mdomo wangu."

Fransisko alipona. Aliporudi, mstari mchungu ulikuwa umeng'olewa wote. Noela aling'oa, Kunegunda akimwonyesha unapoanzia na unapoishia. Miti yake waliichoma. Mbegu ile sasa hakuna aliye nayo mtaani kwetu, na hakuna anayeiulizia ila mimi.

Chakula cha kwanza alichoandaliwa na Noela kilikuwa magimbi. Fransisko aliitazama sahani, mkono hauendi. Noela alibaki mlangoni, haingii wala haondoki. Kunegunda akachukua kipande kikubwa, akakitafuna taratibu mbele yao, akameza, akangoja. Sisi sote tukamtazama koo.

Ndipo akamsogezea mumewe sahani.