Wanangu wamebeba sufuria zangu, wanataka nioe

Admin, jina langu lifiche, watoto wangu wamo humu. Mimi ni mzee wa miaka 71, naishi kijijini huku Dutwa, Bariadi. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, nivumilieni.

Mke wangu aliugua miguu miaka minne kabla ya kufariki. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, ananielekeza, mimi napika. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa uji mtupu, alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye nikajua vyote, hadi kukata viazi na kuvianika viwe michembe, kazi ambayo huku kwetu ni ya wanawake. Alipoondoka nikaendelea. Nafua, nafagia, nachota maji kwa baiskeli. Sioni aibu yoyote, na sijawahi kumwomba mtu chumvi.

Mwezi uliopita wazazi wa mume wa binti yangu walikuja kunisalimia bila taarifa. Nikachinja kuku, nikapika, nikawanawisha mikono mwenyewe. Yule baba akawa anatazama mlango wa jikoni, mwisho akauliza, "Mwanamke wa hapa yuko wapi?" Nikajibu mpishi ni mimi. Hawakugusa chakula! Waliona nimewadharau, maana kwetu mkwe hapakuliwi na mwanaume. Kuku yule nilimla peke yangu siku mbili, na hasira juu.

Habari zikamfikia kijana wangu mkubwa Bariadi mjini. Akaja na wadogo zake, wakabeba sufuria zote na mwiko. "Baba, unatuaibisha. Watu wanauliza kama huna watoto. Uoe, au uje ukae kwangu."

Nikamwambia, "Kwako kuna mke wako. Kwa mila zetu, mimi na mkwe wangu hatupishani hata mlangoni. Nijifungie chumbani kutwa nzima nikisubiri atoke ndipo niende chooni?"

"Basi oa," akasema, kama vile anamwambia mtoto anywe dawa. Tangu siku hiyo nakula maandazi ya dukani. Inaniuma sana. Hawa niliwalea mimi, leo wananipangia maisha!

Wameshampata mjane wa Bukundi, miaka 55. Jumapili hii ukoo unakwenda kuposa. Juzi nikapanda basi kimyakimya kwenda kumwona. Nilimkuta anakandika nyumba yake, tope mpaka kwenye viwiko. Akanisalimia vizuri, "Mwangaluka, baba," nikamweleza mimi ndiye huyo mwanaume. Akaweka tope chini.

"Baba, mimi nina nyumba yangu na mbuzi wangu. Sikuulizwa, niliambiwa tu. Nikikataa, kaka zangu watanitoa kwenye eneo hili. Wewe ni mwanaume, kataa wewe, watakusikia."

Nilirudi nimeinamisha kichwa njia nzima. Mama huyu anadhani uanaume wangu una nguvu, wakati hata sufuria sina!

Nikikataa, kijana ameapa kufunga nyumba yangu kwa kufuli na kunihamishia kwake. Nikikubali, mama wa watu ataacha nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, aje kumpikia mtu anayejua kupika. Yeye ananisubiri mimi niseme hapana, na Jumapili ni keshokutwa.

Nishaurini ndugu zangu, wazee wenzangu hasa. Nisimame vipi mbele ya watoto wangu ili sisi wawili tubaki kila mmoja kwake?