Picha Mbili za Mkono wa Obadiah

Obadiah Mghalu alizaliwa Malindi, katika miaka ambayo watu wa Kasigau walikuwa wameondolewa mlimani kwao na serikali wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Alirudi mlimani akiwa kijana, akasoma hadi darasa la nne, akaoa Priscilla, kisha akaingia kazi ya reli. Kufikia mwaka wa 1956 alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika stesheni ya Maungu, na nyumba aliyokaa na mkewe na watoto ilikuwa nyumba ya reli.

Kazi yake ilikuwa ya mikono. Gari la moshi lisilosimama Maungu lilipopita, dereva alimrushia kitanzi cha fito chenye kifuko, na ndani ya kifuko mlikuwa na karatasi ya ruhusa ya njia aliyokwisha kuipita. Papo hapo Obadiah alimnyoshea kitanzi kingine, chenye ruhusa ya njia iliyo mbele. Dereva asipoipata karatasi hiyo hana budi kusimamisha gari zima. Katika miaka yake yote, Obadiah alikuwa hajasimamisha gari hata moja.

Ijumaa tarehe 2 Machi, saa tisa na nusu mchana, gari la mizigo lilikuwa linapita. Mvua ilikuwa imenyesha na mawe ya jukwaa yalikuwa na utelezi. Obadiah alikwisha kunyosha kitanzi, dereva akakitwaa, na yeye alipopiga hatua moja nyuma, mguu ukamtoka. Alianguka akitanguliza kiganja cha mkono wa kulia, mkono wenyewe ukiwa umenyooka.

Mwenzake wa zamu, Mkamba mmoja aitwaye Makau, alimwinua huku akicheka.

"Mkasigau, umeanguka kama gunia la makaa! Na lile gari halikukutazama hata mara moja."

"Niache kwanza," Obadiah alisema. "Mkono huu una kitu."

Haukuvimba sana. Lakini alipobonyeza kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba, pale wazee wanapoweka ugoro, maumivu yalimpanda mpaka begani. Stesheni masta, Bwana D'Mello, Mgoa mwenye miwani na moyo wa haki, alimwandikia pasi ya kwenda hospitali Mombasa.

Kesho yake, tarehe 3, huko Mombasa, aliyempokea katika chumba cha eksirei alikuwa kijana wa Kikamba aitwaye Muli. Chumba kilikuwa na giza na Obadiah alidhani atachomwa na kitu.

"Usiogope, mzee," Muli alisema. "Haiumi. Laza kiganja hapa, usitikisike."

Baadaye Muli aliiweka ile picha mbele ya taa, na Obadiah akauona mkono wake mwenyewe hauna nyama. Vidole vilikuwa virefu kuliko alivyovijua. Kwenye kifundo palikuwa na vifupa vidogo vinane vimebanana kama mawe ya ukuta. Daktari akaitazama, akaisogelea, akaitazama tena.

"Sioni palipovunjika," alisema. "Tutafunga bandeji, upumzike siku tano. Ukiendelea kuumwa baada ya wiki mbili, rudi tupige nyingine."

Akaandika karatasi, na Obadiah akaileta Maungu. Bwana D'Mello aliisoma, akaitia kwenye faili, akasema, "Umepata bahati."

Hapo ndipo kichwa cha Obadiah kilipoanza kuzunguka. Picha ilisema mkono ni mzima, na yeye alikuwa ameiona kwa macho yake. Lakini mkono wenyewe haukukubali. Hakuweza kukamua kitambaa wala kufungua kufuli. Akiinua kikombe cha chai, kikombe kilitetemeka, naye akakishusha kabla Priscilla hajaona.

Priscilla alikuwa ameona siku ya kwanza.

"Baba Donald, mkono ni wako au ni wa picha?"

"Picha haidanganyi, Mama Donald. Imepita ndani ya nyama."

"Basi iambie picha ikachanje kuni."

Tarehe 8 alirudi kazini. Kitanzi alikinyosha kwa mkono wa kushoto, na kile cha dereva akawa anakidaka kwa kukiacha kiingie begani. Makau alimtania kwamba amejifunza kazi upya uzeeni. Obadiah alicheka naye, lakini akiwa peke yake alijiuliza mambo ambayo hakumwambia mtu. Labda ni uvivu umemwingia. Labda mkono mzima unaweza kusahau kazi. Jumapili kanisani aliuweka juu ya goti akautazama wakati wote wa mahubiri, kama mgeni aliyekaa karibu naye bila kujitambulisha.

Jumamosi tarehe 17 alikwenda Kasigau kumsaidia dada yake kumpeleka beberu kwa mnunuzi. Alijua mkono unauma. Lakini picha ilikuwa imesema ni mzima, na aliona aibu kumwomba shemeji yake ashike kamba ya mbuzi. Basi akaizungusha kamba kwenye kiganja cha kulia. Walipofika njiani mbwa akatokea, beberu akaruka upande, na Obadiah akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye mashamba. Alikaa chini mchangani mbele ya watu. Beberu akaenda zake na kamba yake.

Jumatatu tarehe 19 alipanda gari kwenda Mombasa, kwa kuwa wiki mbili zilikuwa zimepita. Safari hii Muli alimpiga picha nne: kiganja kikiwa kimelala, kikiwa kimesimama upande, kikiwa kimeinama kidogo, na ya mwisho akaambiwa akunje ngumi na kuupinda mkono kuelekea kidole cha mwisho.

Katika picha ile ya mwisho ufa ulionekana. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kifupa kilichojipinda kama korosho, na katikati yake ulipita mstari mweusi.

"Hiki hapa," Muli alisema. "Kimekatika kabisa."

Obadiah nusura acheke kwa furaha. Kumbe hakuwa mvivu. Kumbe hakuwa mwongo. Walimfunga plasta kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, kidole gumba kikiwa ndani, wakamwambia atakaa nayo wiki kumi na mbili na kwamba arudi Alhamisi waikague. Gari lilikuwa limekwisha kupita Mariakani, naye akitazama nje dirishani, beberu alipomjia akilini: labda kamba yake ndiyo iliyokivunja kifupa. Furaha yote ikakatika.

Bwana D'Mello alimwita ofisini asubuhi yake. Mezani palikuwa na karatasi mbili.

"Obadiah, mimi si adui yako. Wewe unajua."

"Najua, Stesheni masta."

"Hii ya tarehe tatu inasema daktari haoni mfupa uliovunjika. Hii ya tarehe kumi na tisa inasema umevunjika. Sasa ofisi kuu itauliza, na mimi lazima nijibu. Kama ulivunjika hapa, umeumia kazini, utangojewa mpaka upone. Kama ulivunjika kwako, mtu asiyefanya kazi miezi mitatu ataletewa mwingine, na nyumba ni ya huyo mwingine. Umevunjika katikati ya karatasi hizi mbili. Katikati ulikuwa wapi?"

"Stesheni masta, mimi..." Obadiah alianza.

"Usijibu sasa," Bwana D'Mello alisema. "Fomu hii nataka Jumamosi. Hapa tarehe ya kuumia, hapa sahihi yako."

Jioni hiyo Priscilla alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo moja tu.

"Habari za mbuzi usizitaje."

"Watu walimwona."

"Watu wa Kasigau. Nani atakuja Maungu kueleza habari za mbuzi? Mbuzi mwenyewe hajui kuandika."

"Lakini mimi najua, Mama Donald. Mimi ndiye nitakayeandika."

"Kwani wewe unajua ulivunjika lini?"

Hilo ndilo lililomtesa Obadiah. Angekuwa anajua, angesema ukweli na kukubali yatakayofuata. Lakini hakujua. Alijaribu kuyakumbuka maumivu ya jukwaani, akayaweka upande mmoja, akayakumbuka ya kamba, akayaweka upande wa pili, akayapima. Ya kamba yalikuwa makali zaidi. Ya jukwaani yalikuwa ya kwanza. Kila alipofikia uamuzi, ile picha ya tarehe tatu ilisimama mbele yake na vifupa vyake vinane vizima, ikimkana. Aliwahi kusikia shahidi akitoa ushahidi dhidi ya mtu barazani kwa chifu. Lakini hakuwahi kusikia mtu akishitakiwa na mkono wake mwenyewe.

Alhamisi alirudi Mombasa. Muli alikagua vidole kama vina damu ya kutosha, akagonga plasta, akaridhika.

"Bwana Muli," Obadiah alisema, "nataka kukuuliza neno, na kabla sijauliza nataka kukuambia habari ya mbuzi."

Akamweleza yote: jukwaa, kitanzi, beberu, mbwa, fomu, nyumba. Muli hakucheka. Alikwenda kabatini, akatoa picha ya kwanza na ile ya mwisho, akaziweka mbele ya taa zikiwa jirani.

"Tazama hapa. Unaona mstari huu ulivyo mpana?"

"Nauona. Ndio ulioniharibia."

"Ngoja. Mfupa huu ukivunjika, ufa wake mara nyingi huwa mwembamba kuliko unywele. Eksirei inapita na sisi hatuoni kitu. Halafu mwili wenyewe unaanza kuzila kingo za pale palipovunjika, kabla ya kuunga. Ufa unapanuka. Huchukua kama siku kumi, au wiki mbili. Ndiyo maana daktari alikuambia urudi."

Obadiah aliufuata ule mstari kwa kidole cha kushoto.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi alikuvuta lini?"

"Jumamosi."

"Mimi nimekupiga picha Jumatatu. Mfupa uliovunjika Jumamosi usingekuwa na ufa mpana namna hii Jumatatu. Pengine nisingeona kitu, kama mara ya kwanza."

"Yaani huu unaonekana kwa sababu ni wa zamani?"

"Ndiyo."

"Na ulipokuwa mpya haukuonekana kwa sababu ulikuwa mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hivyo siku ile picha iliposema mimi ni mzima, nilikuwa nimevunjika."

"Picha haikusema wewe ni mzima. Daktari alisema haoni."

Obadiah alitikisa kichwa. Si kwamba alikataa. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa njia kwa kidole, akaiona, na bado miguu yake haitaki kuamini kwamba inafika. Muli alimwita daktari, na daktari naye akazitazama picha zote mbili, akauliza habari za beberu, akaketi kuandika barua. Alieleza ndani yake kwamba ufa ule ulikuwa na umri wa wiki mbili hivi siku ulipoonekana, na kwamba picha ya tarehe 3 isichukuliwe kuwa ushahidi kwamba mfupa ulikuwa mzima.

Jumamosi asubuhi Obadiah alisimama mbele ya meza ya Bwana D'Mello. Kabla ya kuitoa barua alisimulia habari za mbuzi, zote, hata zile za kukaa mchangani. Makau alikuwa mlangoni akisubiri ufunguo, akaziba mdomo kwa kofia.

"Unaniambia ya nini?" Bwana D'Mello aliuliza.

"Ili usije ukasikia kwa mtu mwingine ukadhani nilificha."

Bwana D'Mello aliisoma barua ya daktari mara mbili. Alivua miwani, akaifuta, akaisoma mara ya tatu. Kisha akamsogezea fomu na kalamu.

"Andika tarehe mbili Machi."

Obadiah aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akasita.

"Stesheni masta, mimi bado sielewi vizuri."

"Hata mimi," Bwana D'Mello alisema. "Lakini daktari ameelewa, na fomu hii haina mahali pa kuandika kuelewa. Ina mahali pa tarehe."

"Nikiandika ni kama naapa."

"Unaapa kwamba ulianguka hapa siku hiyo ukaumia. Ulianguka?"

"Nilianguka," Makau alijibu kutoka mlangoni, akiigiza sauti ya Obadiah, "kama gunia la makaa!"

"Wewe Makau, toka," Bwana D'Mello alisema, lakini hakukasirika.

Obadiah aliandika. Herufi zilikwenda huku na huku kama za mtoto wa darasa la kwanza, na tarehe yenyewe ilichukua nafasi ya maneno matatu.

Siku kumi na nane zilizofuata, wakingoja jibu la ofisi kuu, hakulala vizuri. Alifagia jukwaa kwa mkono mmoja, akafuta taa za stesheni, akamwacha Makau ashike vitanzi. Kila gari lilipoleta mfuko wa barua aliutazama.

Jibu lilifika Jumatano tarehe 11 Aprili. Ofisi kuu ilikubali kwamba ameumia kazini: abaki, apewe kazi ya mkono mmoja hadi plasta itakapotolewa, na nyumba isiguswe. Bwana D'Mello alimsomea kwa sauti, kisha akampa aisome mwenyewe.

Obadiah alikwenda nyumbani na karatasi kifuani. Alimkuta Priscilla chumbani, amepiga magoti kando ya sanduku la mabati. Ndani yalikuwamo mablanketi yamekunjwa, nguo za watoto, sufuria mbili zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, na saa ya ukutani imefungwa kwa kanga. Kando palikuwa na sanduku la pili, lililokwisha kufungwa kwa kamba.

"Ulianza lini?" Obadiah aliuliza.

"Siku ile uliposema utataja mbuzi."

Akampa karatasi. Priscilla aliisoma polepole akifuatisha kwa kidole, akaikunja, akamrudishia. Aliifungua kanga, akaitoa ile saa, akainuka kutafuta msumari wake ukutani.