Sentensi Yangu ya Lori la Ijumaa

Juzi mjukuu wangu alikuwa akifanya kazi ya shule, akaniuliza maana ya maneno ya Kiingereza, "lie in wait". Nikamjibu upesi: kuvizia. Kisha nikaketi. Wewe uliyekulia Garissa wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa porini, utanielewa.

Darasani tulikuwa wasichana watatu tu. Alfajiri nilimsaidia ayeyo, bibi yangu, kukamua mbuzi, nikanywa chai iliyonukia iliki na moshi, kisha nikakimbilia shule kabla mchanga haujawaka moto. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyezoea baridi ya kwao.

Siku moja aliandika maneno hayohayo ubaoni. "Si kulala usingizi," alisema. "Ni kujificha ukimngoja mtu asiyejua kuwa anangojwa." Akatuambia tutunge sentensi. Wenzangu waliandika habari za fisi na mbuzi. Mimi niliandika kwamba watu watalivizia lori la Ijumaa kwenye mto mkavu, njia ya Habaswein.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimemsikia mjomba akimnong'oneza ayeyo kwamba asimpandishe mtu wetu yeyote kwenye lori hilo. Na mwalimu alikuwa ametuambia atasafiri nalo kwenda kumwona ndugu yake, karani huko Wajir.

Alisoma daftari langu, akaja akainama karibu nami.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kichwani, mwalimu."

Akachana ule ukurasa, akautia mfukoni. "Andika nyingine, mwanangu. Andika ya fisi."

Ijumaa hakusafiri, alisema ana homa. Lori likaenda. Kesho yake dereva aliletwa amefunikwa turubai. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani alijua. Mwalimu naye walimchukua, wakitaka aeleze kwa nini alibaki. Baada ya siku tatu alirudi, jicho moja limevimba, akachukua chaki akaendelea na somo. Kwetu hawakuja kumkamata mtu.

Kwa miaka mingi nilimlaumu kimoyomoyo. Mbona hakumwonya dereva? Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa: dereva angeuliza amejuaje, na jibu lingefika mlangoni kwa ayeyo.

Lakini nami Alhamisi ile nilipita sokoni. Dereva alikuwa akipakia magunia ya sukari. Aliniona, akacheka, akanijazia kiganja sukari iliyomwagika kwenye gunia lililotoboka. Nikailamba pale pale mbele yake, nikaenda zangu bila kusema neno.

Mjomba hakurudi kutoka porini. Mwalimu alihamishwa kabla sijamshukuru. Ayeyo alishatangulia mbele ya haki, na nyumba zetu za mikeka zimeliwa na mabati na maduka. Katika wote waliojua, nimebaki peke yangu. Jina la yule dereva sikuwahi kuliuliza, wala sijui wanawe walikwenda wapi, niwaombe radhi.