Daftari la Mzee Wafula

Wiki hii yote nimekuwa nikipita langoni nikiangalia viatu vyangu, na sababu ni hii.

Kila asubuhi nikifika ofisini Kilimani, nilimfundisha mlinzi wetu, Mzee Wafula, Kiingereza. Hakuniomba. Niliona tu mtu wa lango, nikamhurumia. Jumanne moja nilimweleza "take off": ndege kupaa na mtu kuvua koti, basi, hakuna maana nyingine. Mzee aliandika yote kwenye daftari, akasema, "Asante, mwalimu."

Ofisi ilikuwa inatafuta mtu wa kuwafundisha wafanyakazi wapya Kiingereza, na nafasi hiyo niliitaka sana. Nikamleta bosi langoni amwone mwanafunzi wangu.

"Mzee, hebu muonyeshe madam daftari."

Mzee akasita. "Mwalimu, si lazima."

Nikalichukua mwenyewe, nikampa bosi. Akalifungua, akanionyesha ukurasa. Somo langu lilikuwa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu, maana nyingine tatu zimeongezwa, na chini kabisa: 4/10.

"Nilifundisha Kiingereza Bungoma hadi nikastaafu," Mzee alimwambia bosi kwa upole. "Lakini huyu anajitahidi. Wiki jana alipata mbili."