Wimbo Uliosimama Alasiri

Maji ya betri ya gari yana harufu kali inayokereketa koo. Kila ninapoinusa katika gereji yoyote huku Nairobi, namwona baba yangu akirudi kutoka Ukunda, anaisukuma baiskeli taratibu, betri iliyotoka kuchajiwa imefungwa nyuma kwa mipira, naye anakwepa mashimo kana kwamba amempakia mgonjwa. Ni mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nina miaka kama kumi hivi. Tulikuwa tunakaa Bongwe, si mbali na Ukunda. Wazazi wangu walikuwa Wakamba waliotoka Kitui wakanunua kipande cha ardhi chenye mihogo na mikorosho michache. Baba alikuwa fundi wa mabomba katika hoteli moja ya Diani. Nguzo za umeme zilipita kule barabarani zikielekea kwa watalii bila hata kutupigia hodi, kwa hiyo betri ile ndiyo iliyokuwa stima yetu. Iliendesha kitu kimoja tu, redio kaseti ya Baba, kuukuu, ambayo mkanda wake wa ndani ulikuwa umelegea ikawa inazunguka kwa uvivu. Mama alisema redio ile imefanana na mwenyewe, haina haraka na jambo lolote.

Kaseti yenyewe ilisahauliwa na mgeni katika chumba cha hoteli. Ilikaa muda mrefu katika kabati la vitu vilivyopotea, mwenyewe hakuiulizia, na msimamizi wa vyumba alipolisafisha kabati akampa Baba. Karatasi ya juu ilichorwa ngazi ndefu inayotoka baharini, na farasi amesimama kwenye kipandio cha mwisho, anatazama chini kama anayejuta kupanda. Baba aliipenda kwa sababu ya farasi huyo. Alitarajia nyimbo fupi za kuchezeka. Akaweka upande wa kwanza, tukasikia maji yanadondoka. Yakadondoka weee, mpaka Baba akakaribia kuifungua redio aangalie panapovuja. Kisha gitaa likaingia peke yake, likatembeatembea, kinanda kikalifuata, ngoma zikaanza, zikaacha, zikaanza tena kwa namna nyingine, na mwimbaji wa sauti nzito akaimba maneno machache akanyamaza. Tulingoja wimbo uishe ili wa pili uanze. Haukuisha. Upande mzima ulikuwa wimbo mmoja. Ukubwani nimesoma kwamba muziki wa aina hii huitwa roki ya progresivu, na kwamba bendi ile ina wapenzi wake duniani kote wanaoandikiana kurasa kwa kurasa kubishana juu ya albamu hiyo moja. Mimi huwasoma na kucheka kidogo, kwa maana sisi tulibishana kabla yao, tena juu ya mkeka.

Mpenzi mkubwa wa kaseti hiyo hakuwa Baba. Alikuwa jirani yetu, Mzee Hamisi, Mdigo wa pale pale Bongwe, mkulima wa minazi na baba wa rafiki yangu Mwanakombo. Ujanani alipiga chapuo katika ngoma ya sengenya, na siku ya kwanza alipopita akausikia muziki ule alisimama uani kwetu, panga mkononi, mpaka upande ukaisha. "Baba Mumbua," akasema, akimwita kwa jina langu, "huyu mpiga ngoma wako ana hatua moja ya ziada. Wenzake wanakwenda sita, yeye anakwenda saba, na hapotei." Tangu hapo kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuja na madafu, akakaa barazani akijipigia paja, na ngoma zilipofika mahali pao vidole vyake vilikuwa vimekwisha fika. Mama, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, mwanzoni alisema wimbo usio na kiitikio ni sawa na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharage, usio na chumvi. Lakini katikati ya upande ule, ngoma zikishanyamaza, waliingia watu wengi kuimba pamoja bila maneno, wanapanda, wanapanda. Kufika hapo Mama alitoka jikoni na mwiko wake, akaimba sauti ya pili juu yao, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na masikio nadhani ni vivyo hivyo.

Wa mwisho katika kundi letu alikuwa Otieno, mhudumu wa mezani katika hoteli ya Baba, kijana wa Kisumu aliyejitangaza kuwa mkalimani wetu kwa kuwa alikijua Kiingereza cha wageni. "Wazee, huyu msee ako na shida," alitueleza. "Bibi yake alivuka bahari, sasa anamngoja kwa ngazi." Jumapili iliyofuata mwimbaji akawa mfalme aliyeibiwa farasi. Mzee Hamisi akamgeukia kwa upole. "Mwanangu Otieno, juma lililopita alikuwa analilia mke, leo analilia farasi. Hebu muulize kwanza amepoteza nini, tupate kumpa pole." Tulicheka sana hata Baba akalazimika kuirudisha kaseti nyuma, maana mwimbaji alikuwa amekwisha maliza kulia bila sisi kumsikia.

Wimbo ule na sala ya alasiri vilikuwa havielewani. Tukichelewa kidogo kula, adhana iliukuta umepamba moto. Mara ya kwanza Mzee Hamisi aliinuka shingo upande, na Baba, ambaye kanisani alikuwa shemasi, akabonyeza kitufe. Kukawa kimya. "Nenda, Mzee," akasema. "Tutakungoja." Tukangoja kweli. Otieno alinong'ona kwamba tungeweza kumalizia kisha tukarudisha nyuma, mzee asijue. Baba alimtazama tu, na Otieno akaanza kuchunguza kucha zake. Mzee Hamisi aliporudi kutoka msikitini alikaa, akaweka vidole pajani, Baba akabonyeza tena na wimbo ukaendelea pale pale ulipoachwa. Ikawa desturi. Mimi na Mwanakombo tulicheza komwe katika kimya hicho, Mama akachambua mboga, na mpaka leo kwangu mimi kimya hicho ni sehemu ya albamu.

Kisha ukaja mwaka wa vurugu. Vikaratasi vilianza kuokotwa njiani, vikiwaambia watu wa bara kama sisi waondoke kabla hawajaondolewa. Watu tuliosalimiana nao miaka yote walianza kutazama pembeni, na sisi pia, nisiseme uongo, tulianza kuwatazama kwa jicho jingine. Mimi sikuogopa panga, kwa kuwa mtoto hajui linavyokata. Niliogopa kwamba tukiondoka, Mzee Hamisi atakuwa mtu wa pwani na Baba atakuwa mtu wa bara, basi, na hakuna atakayekumbuka kwamba walikuwa watu wa mkeka mmoja. Jumapili ya mwisho alikuja kama kawaida na madafu yake. Hatukuzungumza habari zile. Ngoma zilinyamaza, kwaya ikawa inataka kuanza, Mama amekwisha simama mlangoni, na adhana ikaita. Baba akabonyeza. "Tutakungoja, Mzee." Lakini siku hiyo wanaume walibaki msikitini wakizungumza hali ilivyokuwa, na kabla Mzee Hamisi hajarudi, Otieno alifika akihema kutuambia kwamba kuna lori linalotoka alfajiri kupeleka familia Mombasa, na nafasi ni chache. Hatukumngoja. Tulifunga mizigo.

Alfajiri alikuja kutuaga, yeye na Mwanakombo. Baba aliichukua redio, kaseti ikiwa ndani, akamwekea mikononi. "Kaa nayo, Mzee," akasema. Mzee Hamisi hakusema asante. Alisema, "Nimeipokea. Ni amana." Mimi nilikuwa nimemshika Mwanakombo mkono, na Mama alilazimika kunibandua kidole kimoja kimoja.

Kitui tulikaa kwa baba mkubwa, kaka yake Baba, ambaye aliposikia habari za redio alicheka mpaka akajifuta machozi. "Umempa fisi akulindie bucha," alimwambia Baba. "Hiyo sasa inapigiwa harusi huko, kama haijauzwa." Nilimchukia baba mkubwa kwa maneno yale, na nikamchukia zaidi kwa sababu niliyaamini kidogo. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini hawakusema utamjuaje ukiwa mbali naye. Nikienda kuchota maji mtoni, kwenye visima vya mchangani, nilijaribu kuiimba ile kwaya peke yangu, na kila mara nilikwama pale adhana ilipotukatia, kama kwamba mbele yake hapakuwa na kitu.

Tulirudi mwaka uliofuata, hoteli ilipomwita Baba kazini. Wengi hawakurudi, na siwalaumu. Paa letu lilikuwa limeinama upande mmoja na mihogo imefukuliwa na nguruwe mwitu. Baba hata hakuingia ndani. Aliweka mizigo uani akaelekea kwa Mzee Hamisi, nami nikamfuata. Tulikaribishwa, nikatoa shikamoo, nikaambiwa marahaba na kwamba nimerefuka. Kisha wakaanza zile habari za pwani zisizoruka kitu, za safari, za wazee wa Kitui, za mvua, za minazi. Kahawa ikaja, ikanywewa. Redio haikutajwa, na nilijua Baba asingeitaja hata kwa dawa. Ndipo Bi Mwanasha, mke wa Mzee Hamisi, akatoka chumbani na kifurushi kilichofungwa kwa leso mbili, kinanukia udi.

"Amana yako," akasema Mzee Hamisi. Baba akaifungua. Redio haikuwa na hata vumbi, na kaseti ilikuwa ndani, imesimama. Baba akauliza kama aliwahi kuisikiliza. "Amana haichezewi," akajibiwa. "Lakini, Mzee, nilikupa usikilize," Baba akasema. "Betri ungeazima hata kule Ukunda." Mzee Hamisi alikitazama kikombe chake. "Ningesikiliza na nani?" akasema.

Mwanakombo ndiye aliyenieleza mengine baadaye. Shangazi yake aliiomba redio kwa ajili ya harusi ya binti yake, akanyimwa, akakasirika asimsalimu kaka yake mpaka Idi ilipowapatanisha. Kuna waliomwambia kuwa mbara yule harudi, mali isiyo na mwenyewe haina amana. Yeye alijibu kwamba mwenyewe anamjua. Jioni jioni alikaa peke yake akijipigia paja ile saba yake, na akifika pale adhana ilipoukatia wimbo, aliacha.

Jumapili ile betri ilikuwa imekwisha rudi kutoka Ukunda. Tulikaa barazani, paa limeinama vile vile, madafu yapo. Baba hakurudisha kaseti nyuma. Alibonyeza, na kwaya ikaanza pale pale, kama kwamba Mzee Hamisi alikuwa ametoka tu kusali akarudi. Mama alikuwa mlangoni na mwiko wake. Akafungua kinywa aimbe, akashindwa, akalia. Baba alijifanya anakaza waya wa betri. Otieno hakuwapo, maana alibaki kwao Kisumu, kwa hiyo hakuna aliyetuambia mwimbaji amepoteza nini, na siku hiyo hatukuhitaji kuambiwa.

Siku hizi albamu ile imo katika simu yangu, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Mwaka jana nilikwenda Bongwe, ambako tulimzika Baba na ambako stima sasa inaingia hadi jikoni, nikamwekea Mzee Hamisi, aliyezeeka sana lakini masikio yake ni yale yale. Alijipigia paja, vidole vikachelewa kidogo, akakunja uso. "Mbona huyu ana sauti ya kijana?" akaniuliza. "Na ana haraka. Wetu alikuwa mtu mzima." Nilicheka, kisha nikaelewa. Ulikuwa ule mkanda wa ndani ya redio, uliolegea. Wimbo tulioupenda sisi, kwa mwendo ule na sauti ile, haukusikika kokote duniani isipokuwa barazani kwetu, na wale wapenzi wote wanaobishana kurasa kwa kurasa hawajawahi kuusikia. Kabla sijamweleza, adhana ya alasiri ikaita. Simu haijui kungoja. Mtu huziba masikio kwa visikizio akasikiliza peke yake, na wimbo ukiisha inamrukia na mwingine asiouomba. Nikabonyeza. "Nenda, Mzee," nikasema. "Nitakungoja."

Miguu yake si ya zamani, akachelewa, nami nilikuwa na safari ya kuwahi. Nikamfuata hadi nje ya msikiti kumuaga. Aliniuliza wimbo nimeuacha wapi, nikamwambia kwaya ilikuwa inataka kuanza. "Basi usiuguse mpaka uje," akasema. Sijarudi bado, nimepanga Desemba. Binti yangu akichukua simu yangu huniuliza kwa nini wimbo huu umesimama katikati siku zote, na kama anaweza kuumalizia. Namwambia hapana. Namwambia una mwenyewe, amekwenda kusali, anarudi.