Fisi Hakunji Ngozi

Watu walimwita Kufuli, na hawakukosea. Stoo alifunga, zizi alifunga, hata debe la maziwa alilitia mnyororo, utadhani maziwa yangeamka yaende matembezi. Alikuwa msimamizi wa shamba kubwa la kondoo, lenye kipori upande wa chini ambako mwenye shamba alitunza swala wake. Mkali, asikwambie mtu! Lakini ndani ya ule ukali kulikuwa na mwoga wa kupindukia. Aliogopa fisi, na zaidi ya fisi aliogopa simu ya mwenye shamba.

Fisi walianza na watoto wa swala. Kisha wakaonja kondoo, wakanogewa. Afisa wa wanyamapori akaja, akaeleza ya kufanya: uzio wa zizi uongezwe urefu, waya ufukiwe chini wasichimbe, taa ziwake, mbwa waongezwe, na mzoga wowote uchomwe moto usije ukawaita.

"Ila sumu hapana," akamwambia Kufuli mbele ya watu wote. "Sumu haichagui. Utaua tai, utaua mbweha, utaua mbwa wako mwenyewe, na siku moja utaua mtu."

"Ndiyo mzee, nimekuelewa mzee," Kufuli akaitikia.

Na alifanya yote, tusimwonee. Lakini waya hufukiwa na fundi, na fundi wa uzio wa pale, aliyeitwa Waya kwa kazi yake na kwa wembamba wake, aliacha kona moja juujuu akaenda kunywa chai. Fisi wakaiona hiyo kona kabla ya Kufuli. Jumamosi alfajiri walipenya wakamrarua koo kondoo jike mnene kuliko wote. Mbwa waliwatimua hata hawajaonja. Kufuli akapiga simu, na mwenye shamba akajibu kwa sauti ya upole, ambayo ndiyo mbaya zaidi: "Akifa mwingine, kajitafutie kazi kwingine."

Mtu ana mke, ana mama mgonjwa anayemlisha kwa kijiko, nyumba anayolala ni ya kazi. Aende wapi? Jioni ile badala ya kuuchoma mzoga aliuburuta hadi korongoni, akaupasua pasua na kuupaka sumu aliyonunua kwa mchuuzi mmoja asiyeuliza maswali. Fisi hurudi kumalizia walichokiacha, hilo alilijua. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Jumapili jua limeshapanda, akashuka korongoni kuhesabu fisi wake. Fisi hakuna. Kulikuwa na mbweha amelala ubavu, meno nje, na pembeni yake tai ametandaza mabawa, wote wakavu. Palibaki kichwa cha kondoo, matumbo yaliyochanguliwa, na ngozi. Ngozi imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya jiwe.

Kufuli aliitazama ile ngozi mara mbili. Fisi hakunji ngozi, jamani. Fisi hana kisu.

Alipanda kilima mbio. Makazi ya wafanyakazi yalikuwa mstari mmoja wa vyumba vya bati, na siku ile ya mapumziko kila chumba kilikuwa kinapika. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilimpokea mbali. Na madirisha, lo, madirisha yote yalikuwa yamefungwa! Alijua kwa nini. Mzoga shambani pale ulikuwa marufuku kuliwa, maana ukiruhusu watu wale kondoo aliyekufa, kesho kondoo watakufa wengi kwa makusudi. Miezi michache nyuma Kufuli aliingia jikoni kwa mchungaji mmoja bila hodi, akafunua sufuria, akaona mbavu, na kabla ya jua kutua mchungaji yule alikuwa njiani na godoro kichwani. Tangu hapo watu walijifunza kupika nyama kimyakimya.

"Nani amechukua nyama korongoni?" akapaza sauti.

Mama Pacha, mkamuaji wa ng'ombe, akatokeza kichwa mlangoni. "Nyama gani tena, baba? Sisi hapa tunakula majani tu kama kondoo wako."

Vicheko vikasikika nyuma ya milango. Kufuli akazidisha sauti. "Yule kondoo alikuwa na ugonjwa. Ugonjwa mbaya! Msile!"

Wakacheka zaidi. Waya akatoka na kijiti mdomoni. "Bosi, kila kondoo akifa unasema alikuwa na ugonjwa. Mwaka jana kimeta, mwaka juzi sijui homa gani. Ugonjwa wenyewe hautuoni?"

Kweli tupu. Ule uongo alishautumia ukachakaa. Sasa ukweli ulikuwa mmoja, na ukweli ule ulikuwa jela, kazi imekwenda, mama yake nje na kijiko chake. Akasimama pale kama aliyepigiliwa misumari, akijiambia labda wameshaitupa, labda imeungua, labda sumu huisha ikichemka. Uoga hauishiwi na labda.

Mara mtoto wa Mama Pacha akapita mbele yake anatafuna kitu, mashavu yamejaa. Kufuli alimrukia, akamtia kidole mdomoni, akamkamua taya. Kikatoka kipande cha muwa. Mtoto akaangua kilio, mama yake akaja juu: "We mzee una wazimu?"

"Nimeitia sumu!" Kufuli akapiga ukelele. "Mimi! Nimeipaka sumu kwa mikono yangu, fisi wafe! Mbweha amekufa, tai amekufa, nendeni mkaone! Jamani toeni hizo sufuria, nawaomba, simfukuzi mtu!"

Hakuna aliyecheka tena. Mlango wa kwanza ukafunguka, wa pili, wa tatu. Sufuria zikaja zinafuka moshi, zikawekwa chini mavumbini mbele yake. Mama Pacha alikuwa analia bila sauti, amewashika mapacha wote wawili shingoni. Hakuna aliyekuwa ameonja; nyama ya kondoo mkubwa haiivi haraka, na hilo ndilo lililowaokoa. Kufuli akapiga magoti kuzikagua, akigeuza vipande kwa kijiti. Mbavu zipo. Mikono ya mbele ipo. Paja moja lipo.

"Paja la pili?"

Waya alikuwa amekaa chini, kijiti kimeanguka. "Nimeliuza," akasema.

"Umemuuzia nani?"

"Barabarani, asubuhi. Lori lilisimama. Dereva alikuwa na mwanamke na watoto mbele. Wakafurahi, wakasema ni kitoweo cha safari." Akageuka kuitazama barabara. "Lilikuwa na turubai la bluu, bosi. Au kijani. Sikuangalia namba."

Kufuli akaitoa simu. Hakumpigia mwenye shamba. Alipiga polisi, akaeleza lori, akaeleza paja, na sauti ilipomuuliza ni nani aliyeweka sumu, akajibu, "Ni mimi, andika jina langu," akalitaja lote. Redio zikatangaza mchana kutwa. Malori yakasimamishwa njia nzima. Lile halikupatikana, wala hakuna aliyejitokeza.

Alifungwa, akatoka. Mama yake alishatangulia mbele ya haki. Siku hizi analinda kondoo wa watu wengine, analala zizini na tochi na mbwa watatu, na waya anaufukia mwenyewe. Fisi bado anawaogopa, lakini si sana. Kinachomtisha ni habari za misiba. Akiambiwa mahali fulani kuna mtu amefariki, awe mzee, awe mtoto, awe mbali kiasi gani, watu wengine husema pole. Yeye huuliza kwanza: "Alikula nini?"