Mkono Wangu Umerudi Kwenye Rola

Msimamizi wetu wa kazi alikifunga chuma cha usalama kwa kitambaa ili rola isisimamesimame, mkono wangu wa kulia ukaingia, na yeye akaandika kwenye kitabu cha ajali kwamba niliumia kwa sababu nilikuwa napiga domo. Naanza na hilo ili mtu asisome mpaka katikati akadhani nasimulia ajali. Ajali haifungwi na mtu kwa mafundo mawili.

Nimefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye nyumba kubwa ya kufulia. Tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, yanaletwa kwa gari, mifuko kwa mifuko. Kazi yangu ni rola. Rola ni bomba nene la chuma, refu kuliko kitanda cha watu wawili, linalozunguka likiwa na moto ndani. Shuka likishakamuliwa, wanawake wawili hulishika pembe, mmoja kushoto na mmoja kulia, hulinyoosha na kuliingiza kwenye rola, nalo hutokea upande wa pili likiwa kavu. Mbele ya rola, usawa wa vidole, kuna chuma chembamba. Mkono ukikisukuma, rola inasimama. Kati yetu na moto hakuna kingine.

Kile chuma kililegea. Pindo nene likikigusa tu, rola inasimama, kazi inalala. Badala ya kungoja fundi, msimamizi alichana shuka kuukuu akakifunga kisicheze.

"Siku mbili tu, mama zangu," alisema. "Fundi yuko njiani."

Wiki tatu zikapita, fundi bado yuko njiani.

Mwenzangu wa upande wa kushoto tunamwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake. Akinong'ona, walinzi wa getini wanasikia. Siku ile hata yeye alikuwa kimya, maana mashuka yalikuwa mengi na gari lilikuwa linangoja nje. Pindo lilijikunja upande wangu. Nikalinyoosha kama nilivyonyoosha maisha yangu yote, na vidole vikaenda nalo. Kipaza ndiye aliyekimbilia kitufe chekundu cha ukutani. Ninachokumbuka baada ya hapo ni harufu, na sitaiandika.

Siku ya nne, mkono umefungwa kama kichanga, msimamizi alikuja nyumbani na kitabu cha ajali na kidau cha wino.

"Weka dole hapa, mama. Utaratibu tu."

Shule sikwenda hata siku moja, na yeye alilijua hilo. Alichokuwa hajui ni kwamba ukubwani nilijifunza kusoma kwa madaftari ya binti yangu. Nasoma polepole, kama mtu anayechambua mchele, lakini nasoma. Palikuwa pameandikwa: mfanyakazi alikuwa akizungumza na mwenzake, hakuwa makini. Nikarudia tangu mwanzo, nisije nikamsingizia mtu.

"Hapa pameandikwa nilikuwa naongea," nikamwambia.

"Aa, ni maneno ya ofisini tu hayo. Weka dole, tumalize."

"Mkono wa dole umefungwa."

"Basi hata la kushoto, mama."

"La kushoto linanishikia kikombe. Beba kitabu chako."

Akakibeba. Lakini maneno yalibaki humo humo. Meneja alipomwita Kipaza kumuuliza, Kipaza, na sauti yake yote ile, alisema hakuona vizuri. Ana watoto watatu na mume asiye na kazi. Hilo nalijua. Kulijua hakukunipunguzia kitu.

Mshahara nililipwa miezi yote, na dawa pia, sitasema uongo. Hofu yangu ilikuwa nyingine. Meneja aliniambia bila kuzunguka: daktari asipoandika kwamba vidole vimerudiwa na hisia, rolani sirudi, nitakaa mlangoni kuhesabu mifuko ya nguo chafu. Mlangoni kwetu huwekwa mtu anayengojewa achoke mwenyewe aondoke. Nimeona wanne wakipita pale. Wa mwisho alikaa miezi mitano. Nami nilikuwa na miaka arobaini na saba na binti ambaye hajamaliza masomo.

Basi nikaanza safari za kliniki. Chumba kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi, kina kitanda kimoja, pazia lisilofika chini, na dirisha linalotazama matangi ya maji. Daktari angeweza kuwa mwanangu. Mara ya kwanza alifungua bandeji taratibu, akaniuliza kama naumia. Nikamwambia siumii. Nilidhani ni habari njema, mpaka nilipouona uso wake.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa, niambie ni kidole gani."

Nikafumba. Nikangoja. Nikaendelea kungoja.

"Hujaanza?" nikauliza.

"Nimeshamaliza," akasema.

Dole gumba na kidole kidogo vilikuwa vizima. Vile vitatu vya kati vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyeniazima.

Alinipa zoezi la nyumbani. Nitie maharage makavu ndani ya bakuli, binti yangu afiche vitu humo, mimi niingize mkono nikiwa nimefumba macho, nivitafute na kuvitaja. Asubuhi na jioni. Binti yangu alilipenda zoezi hilo kupita kiasi. Alificha vifungo, funguo, kijiko, na siku moja jino lake la utotoni ambalo sijui alilihifadhi wapi.

"Mama, sema basi."

"Kokoto."

"Unaliita jino langu kokoto!"

"Lilivyonisumbua likiota, ningeliita jina baya zaidi."

Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Lakini nilipobaki peke yangu niliendelea kusugua kidole kwa kidole, na hakikujibu.

Mwezi wa tatu, kidole cha shahada kikaanza kuwasha. Nilikimbia kliniki kama niliyeokota dhahabu. Daktari akasema kuwashwa ni dalili njema, mishipa inaamka. Nikalala usingizi usiku ule, wa kwanza baada ya muda mrefu. Baadaye nikawa najua baridi ya maji, kisha mkwaruzo wa chumvi, kisha vichomi vidogo vya maumivu ambavyo nilivikaribisha kama wageni. Lakini vitu vyenyewe, kifungo au sarafu, vilinichanganya.

Ikafika siku ya kipimo cha mwisho, ile ambayo meneja alikuwa anaingojea karatasi yake. Kipaza alijileta mlangoni kwangu asubuhi, amevaa nguo za kutokea.

"Nakusindikiza," akasema.

"Nani kakuita?"

"Hakuna. Nitakaa kimya."

"Kukaa kimya unakujua, hilo halina ubishi."

Aliinamisha kichwa, lakini hakurudi kwake. Tukaenda, yeye nyuma yangu hatua mbili.

Daktari alinifumbisha macho akaniwekea vitu mkononi kimoja kimoja. Ufunguo niliujua. Kalamu niliijua. Kifungo nikasema sarafu, sarafu nikasema kifungo, na pini sikujua hata kama ipo. Nilipofumbua macho alikuwa anaandika, na mkono wake ulikuwa mzito.

"Mama, umepiga hatua kubwa. Lakini kwa mashine ya moto, siwezi kuandika kwamba unafaa. Tungoje miezi mingine mitatu."

Meneja asingengoja miezi mitatu, na mimi nilijua hivyo. Nikajishika kwenye kitanda cha wagonjwa ili niinuke, na vidole, kwa mazoea yao ya miaka kumi na tisa, vikashika pindo la shuka vikalisugua.

"Shuka hili halijasuuzwa," nikasema.

Sikusema kwa kukusudia. Lilinitoka tu, kama mtu anavyosema "pole" kwa aliyejikwaa.

Daktari akaacha kuandika. "Umejuaje?"

"Lina sabuni ndani. Linateleza kidogo, halafu linakwama. Shuka lililosuuzwa halikwami."

"Umeshika kwa kidole kipi?"

Nikatazama mkono wangu. Dole gumba juu, cha shahada na cha kati chini, kama tunavyoshika sote rolani. Shuka lenye sabuni likiingia kwenye moto mara kwa mara linageuka rangi ya chai, kwa hiyo kila moja tunalisugua pindo kabla ya kuliingiza. Hakuna anayetufundisha. Mwezi wa kwanza unaharibu mashuka ya watu, mwezi wa pili vidole vinajua.

Daktari alichukua bakuli la maji, akachovya lile pindo na kulifikicha. Povu likatoka. Kipaza, aliyekuwa anachungulia kando ya pazia na ameahidi kukaa kimya, akalipuka:

"Mungu wangu! Hilo ni la kwetu, lina alama yetu! Tumelifua juzi!"

"Ndivyo mnavyofua mimi nikiwa nyumbani?" nikamgeukia.

"Wewe hupo, nani atatugombeza?"

Nesi aliyekuwa anapita akachungulia kuona kuna nini. Daktari akamtuma kabatini. Akaletewa mashuka, taulo, foronya, na kitambaa cha kufungia vidonda, akanifunga macho kwa bandeji kabisa, nisije nikachungulia. Akanipa kimoja kimoja. Hili ni pamba tupu, limezeeka. Hii foronya ina nailoni. Hili limesuuzwa. Hili limesuuzwa. Hili halijasuuzwa, na aliyelikunja alikuwa na haraka. Vilikuwa kumi na viwili. Nilikosa kimoja, na mpaka leo nabishana nacho moyoni.

Aliponifungua macho, daktari alikuwa anatabasamu peke yake.

"Miezi minne nakupima kwa vifungo," akasema. "Kumbe ningekuletea nguo chafu."

Kisha akarudisha uso wa kazi. Akanipima moto na baridi kwa chupa mbili za maji, akaona moto naujua ila nachelewa kidogo. Kwa hiyo akaandika, na kila alichoandika alinisomea: nirudi kwenye rola, wiki mbili za mwanzo nusu siku, joto nilipime kwa mkono wa kushoto, vidole nivikague kila jioni kama vina malengelenge, nirudi kwake baada ya mwezi. Na mwisho, akiwa amepiga mstari chini yake: asiwekwe kwenye mashine ambayo chuma chake cha usalama hakifanyi kazi.

Huko nje nilikaa kwenye ngazi nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta siku ile ya pindo. Kipaza akakaa pembeni yangu. Yeye ndiye aliyelia. Mimi nilikuwa mwepesi mno, sikuwa na uzito wa kulia.

Meneja aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akapiga simu. Fundi aliyekuwa njiani miezi yote alifika kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya kurudi, wenzangu walikuwa wameacha nafasi yangu ya kulia wazi. Msimamizi naye alikuwapo, na meneja amesimama na kile kitabu cha ajali kwapani. Kabla sijashika shuka lolote nilinyoosha mkono nikakisukuma chuma. Rola ikasimama. Nikawasha tena, nikasukuma tena, ikasimama tena.

"Inatosha, mama," msimamizi akasema, "utaichosha." Kisha akapunguza sauti. "Karibu tena. Tusameheane."

"Tusameheane? Mimi nikusamehe, sawa, nitafikiria. Wewe unanisamehe nini?"

Mtu akacheka pale kwenye meza ya kukunjia mashuka. Na hapo Kipaza akageuka, akamtazama meneja machoni, akasema kwa ile sauti ambayo Mungu alimpa bila kipimo: "Bosi, uliponiuliza nilisema sikuona. Niliona. Chuma kilikuwa kimefungwa, na sisi wote wawili tulikuwa kimya kabisa. Aliyefunga ni huyu hapa."

Meneja aliandika maneno yake kwenye kurasa za nyuma za kitabu. Nami nikashika pembe yangu, Kipaza akashika yake, tukailisha rola shuka la kwanza. Mvuke ukanipiga usoni. Sikujua kwamba mtu anaweza kuukosa mvuke.

Leo ni wiki ya sita. Nafanya siku nzima. Kidole cha pete bado kizito asubuhi, kikipata joto kinalegea. Daktari ameniambia nisirudi tena mpaka mwakani, labda nikiwa na shuka la kumwonyesha. Nalala vizuri. Deni alilokuwa nalo Kipaza kwangu amelilipa, siku ile, mbele za watu, na sasa akiongea sana namwambia anyamaze kama zamani.

Amebaki msimamizi. Ule mstari alioandika uko pale pale, kwa mwandiko wake: nilikuwa nazungumza, sikuwa makini. Maneno ya Kipaza yako nyuma, yake yako mbele, na anayefungua kitabu huanza mbele. Ananiamkia kila asubuhi, siku nyingine ananivutia kiti. Kiti sikitaki. Nataka aufute ule mstari kwa mkono wake, na aandike juu yake nani alifunga chuma. Peni ninayo, naibeba mfukoni kila siku.